Siku Moja Baharini

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Mlipotutaka tuje tuwasimulie habari za safari yetu ya baharini tulikubali upesi, kisha tukajuta. Tulikubali kwa sababu mtu aliyeona jambo jipya huwa hana subira nalo. Tulijuta kwa sababu nusu ya habari hii ni ya starehe, na nusu yake ya pili yaigusa kazi yetu ya ukarani, wala haitupendezi. Lakini ahadi ni deni, na leo twalilipa.

Kwanza yafaa tuseme jinsi tulivyopata kuingia katika chombo kile, maana twajua wengi wenu mmekwisha kujiuliza mzee wa pensheni amezitoa wapi fedha. Hatukuzitoa popote. Mpwa wetu, mtoto wa dada yetu, ni mtumishi wa vyumba katika meli moja ya matembezi, na wenye meli humpa kila mtumishi aliyemaliza mikataba miwili ruhusa ya kuwaleta jamaa zake kwa nauli ndogo, endapo vyumba havikujaa. Mwezi wa Januari meli yake ilifika Mombasa, nayo ilikuwa ishuke Unguja, kisha ikate bahari kwenda Mahé katika visiwa vya Shelisheli. Mpwa wetu akatupelekea habari. Mwenzetu wa nyumbani alikataa siku mbili. Siku ya tatu tukamkuta anapiga kanga pasi. Basi tukaenda.

Jambo lililotutatiza tangu mwanzo ni kwamba meli za namna hii haziendi mahali. Sisi watu wa pwani tumelelewa kujua ya kuwa chombo ni cha kufikisha. Jahazi huchukua boriti, kapu za tende au watu, huvitua, hurudi. Wazee waliomo humu waikumbuka meli ya British India iliyoitwa Uganda, iliyoanza kazi mwaka 1952, ikitoka London kwa njia ya Suez hata Mombasa, Dar es Salaam na Beira. Waliopanda walikuwa na shughuli zao huku au huko. Ndege zilipoinyang'anya abiria, Uganda ikatengenezwa upya, na tangu mwaka 1968 ikawa inawatembeza wanafunzi wa Uingereza kutoka bandari hata bandari ili wajifunze. Mwaka 1982 ilikuwa hospitali katika vita vya Falkland, na mwaka 1986, ilipokwisha kupelekwa Taiwan ili ivunjwe, tufani ikaipeleka pwani na kuilaza ubavu. Twaitaja kwa sababu katika umri wa meli ile moja mwaweza kuona bahari ikibadilika, kutoka njia ya kupita hata kuwa mahali pa kukaa.

Wazo lenyewe ni la zamani zaidi. Mwaka 1891 Albert Ballin, mmoja wa wakuu wa kampuni ya meli ya Hamburg, aliona kwamba meli yake nzuri, Augusta Victoria, haina kazi ya kutosha wakati wa baridi, kwa kuwa watu wachache hupenda kuvuka Atlantiki katika miezi ile. Meli ikikaa bandarini hula fedha bila kuleta. Akaitoa Cuxhaven mwezi wa Januari, ikaizunguka bahari ya Mediterania, ikarudi mwezi wa Machi, na waliopanda hawakuwa na haja nyingine ila kupanda. Leo kazi hiyo imekuwa kubwa mno. Meli iitwayo Icon of the Seas, iliyoanza safari zake Januari 2024, yaweza kuchukua abiria 7,600, nao watumishi wake ni 2,350. Ya mpwa wetu ni kitoto mbele ya hiyo, lakini sisi ilitutosha kupotea ndani yake mara mbili siku ya kwanza.

Tuliondoka Unguja saa 12 jioni. Kutoka pale hata Mahé ni maili za bahari karibu 970, kuelekea mashariki hasa, na meli haikuwa na haraka. Ilikwenda mwendo wa noti 16. Kwa hiyo tulikuwa na siku mbili kamili zisizo na nchi kavu, na habari yetu ni ya siku ile ya kwanza.

Tuliamka saa 11 na nusu alfajiri, kama tulivyoamka miaka yote ya kazi. Simu ilikuwa haina mtandao. Hapakuwa na daladala ya kuwahi, wala jirani wa kuamkia, wala gazeti. Tulivaa, tukapanda sitahani, tukaliona jua likichomoza upande wa omo, na upepo wa kaskazi ukitujia upande wa kushoto, mwembamba na wa baridi kidogo. Mtu angedhani mwenye kuyaona hayo hukaa akatulia. Sisi tulitazama kwa muda wa dakika kama kumi, kisha mikono ikaanza kutuwasha. Tulisoma matangazo yote yaliyobandikwa ukutani. Tulizihesabu mashua za kuokolea za upande mmoja, tukavuka tukazihesabu za upande wa pili, tukaona zalingana, tukafurahi kana kwamba tumefunga hesabu za mwisho wa mwezi.

Kuhusu mashua hizo, haifai kuacha kusema kwamba jioni ya kupanda, kabla ya meli kung'oa nanga, sote tuliitwa kwa honi, milio saba mifupi na mmoja mrefu, tukaonyeshwa mahali pa kusimama na namna ya kuvaa jaketi la kuelea. Wako walionung'unika. Lakini kanuni ile imeandikwa kwa maji ya chumvi. Tarehe 13 Januari 2012 meli Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, wakafa watu 32. Na miongoni mwa abiria walikuwamo waliopanda siku ile ile, ambao walikuwa hawajaonyeshwa lolote, kwa kuwa sheria ya wakati ule iliruhusu kungoja hata saa 24. Tangu mwaka 2015 mafunzo hayo hutolewa kabla ya meli kuondoka au mara iondokapo.

Turudi sitahani. Saa 12 na nusu walianza kufika wageni wenye taulo. Kila mmoja alitandika taulo lake juu ya kiti cha kulalia, akaweka kitabu juu yake, akaenda zake kula. Saa moja baadaye viti vyote vilikuwa na wenyewe, na wenyewe hawapo. Tuliwahi kuona jambo kama hilo katika ofisi, koti likiwa juu ya kiti tangu asubuhi na mwenye koti akiwa mjini, lakini hatukujua kwamba desturi hiyo imevuka bahari.

Asubuhi tulimwendea mhandisi mmoja, mtu wa Uhindi, mpole, aliyekuwa amesimama akivuta hewa, tukamwuliza maswali ya watoto. Alitueleza kwamba injini za meli ile hazizungushi rafadha moja kwa moja. Hufanya umeme, na umeme ndio uzungushao rafadha, uwashao taa, upoozao vyumba na upikao wali. Maji ya kunywa na kuoga hutengenezwa humo humo kutokana na bahari. Mengine huchemshwa kwa moto ambao injini zingeutupa bure, mvuke wake ukakusanywa. Mengine husukumwa kwa nguvu yapite katika ngozi nyembamba inayozuia chumvi. Na ubavuni, chini ya maji, kuna mapezi mawili ya chuma yanayotoka na kuingia kama ya samaki. Mawimbi yakitaka kuiinamisha meli upande mmoja, mapezi hugeuka yakaisukuma upande wa pili. Kwa sababu hiyo kikombe cha chai kilikaa mezani bila kumwagika, na mwenzetu wa nyumbani, aliyechukua ndimu sita kwa ajili ya kichefuchefu, alirudi nazo zote.

Saa 6 adhuhuri sauti ya nahodha ilisikika kila mahali. Alituambia tulipo, upepo, mwendo, na kwamba chini yetu mna maji ya kina cha zaidi ya mita 3,000. Watu waliendelea kula. Sisi tuliweka uma chini. Mlima Kenya una mita 5,199. Tulijaribu kuufikiri umezama pale, kilele tu kikitokeza. Halafu nahodha akaongeza, kwa sauti ile ile ya upole, ya kuwa usiku ule saa 8 itakuwa saa 9, kwa maana saa za Shelisheli zatangulia zetu kwa saa moja. Hatukulitia maanani neno hilo. Lilitungoja.

Baada ya chakula ndipo siku ilipotupata. Tulipata viti viwili upande wa kivuli, karibu na tezi, mahali ambapo wageni wengi hawapapendi kwa kuwa hapana muziki. Nyuma yetu njia nyeupe ya povu ilikuwa imenyooka hata upeo wa macho. Bahari ilikuwa na rangi ambayo hatuioni Mombasa, buluu nzito kama wino wa chupa, na mara kwa mara kundi la samaki warukao liliondoka mbele ya wimbi, likapaa kidogo juu ya maji kama konzi ya mchele uliotupwa, likazama. Hatukusema neno. Tulikuwa na kitabu. Tulisoma ukurasa mmoja mara nne, tukakifunga. Kisha lilitujia jambo ambalo hatukuwahi kulijua katika livu zetu zote, maana livu, ninyi mwajua, ni wakati wa kutengeneza paa, kumpeleka mama hospitali, kufuatilia karatasi za shamba na kuhudhuria matanga. Ilitujia hali ya kutotakiwa na mtu. Hakuna aliyekuwa akitungoja. Hakuna kilichokuwa kikichelewa kwa sababu yetu. Tukalala pale pale kitini, mdomo wazi, muda wa saa mbili.

Tulipoamka mwenzetu alikuwa akitutazama. Akasema, "Miaka thelathini na minane, sijapata kukuona umekaa." Hatukuwa na jibu. Tulipenda kumwambia kwamba sisi pia hatukuwahi kumwona amekaa, lakini hata pale alikuwa na ushonaji wake mapajani.

Laiti siku ingekoma hapo, hotuba hii ingekuwa fupi, nanyi mngekwenda nyumbani mapema.

Saa 9 alasiri mpwa wetu hupata mapumziko yake ya mchana. Kwa idhini ya msimamizi wake alikuja kutuchukua ili tuone anapokaa. Tulishuka ngazi za abiria zenye zulia, akafungua mlango mmoja usio na alama, na mara zulia likaisha. Kulikuwa na njia moja pana ya chuma, yenye mabomba darini, iliyokwenda kutoka omo hata karibu na tezi. Mabaharia wameipa jina la barabara kuu moja ya Marekani, na kwa kweli ilikuwa barabara kuu. Mapipa ya taka, magari ya nguo chafu, wapishi, wanamuziki, mafundi, wote walipita mbio wakipishana bila kugongana. Huko juu tulikuwa hatujasikia kelele hata moja.

Ndipo tulipojifunza jambo ambalo lingepaswa kutujia akilini bila kuambiwa. Siku ambayo meli haishiki bandari ni siku ya mapumziko kwa abiria tu. Meli ikiwa bandarini, wageni hushuka, hula huko, na duka na chumba cha kamari kwa kawaida hufungwa, kwa sababu ya ushuru na sheria za nchi. Ikiwa baharini, kila mgeni yumo ndani, kila mlo huliwa ndani, taulo zote hulowa, maduka yote hufunguliwa. Ni siku ya soko kwa wenye meli, na ni siku nzito kuliko zote kwa watumishi. Mpwa wetu alikuwa na vyumba 18, kila kimoja hutengenezwa asubuhi na tena jioni. Na wageni wakiwa hawatoki, hungoja mlangoni mmoja baada ya mwingine watoke walau waende kunywa chai. Tuliposinzia tezini tukifurahi kwamba hakuna anayetungoja, alikuwapo mmoja aliyekuwa akingoja chumba chetu kiwe kitupu, naye ni mtoto wa dada yetu.

Ukutani, karibu na chumba cha kulia cha watumishi, palibandikwa jedwali. Karani hawezi kupita jedwali. Tulisimama, tukavaa miwani. Lilikuwa jedwali la saa za kazi na saa za kupumzika za kila kazi melini, kama linavyoagizwa na Mkataba wa Kazi za Baharini uliofanywa Geneva mwaka 2006, ulioanza kutumika mwaka 2013, na ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014. Mkataba ule waruhusu nchi kuchagua kuhesabu ama kazi ama mapumziko, na meli ile huhesabu mapumziko. Baharia hana budi kupata mapumziko ya saa zisizopungua 10 katika kila saa 24, na zisizopungua 77 katika kila siku saba. Saa hizo zaweza kukatwa mafungu mawili tu, na fungu moja lisiwe chini ya saa 6. Tena wataka iwekwe kumbukumbu ya kila siku, na baharia apewe nakala iliyotiwa saini naye na mkuu wake. Tulipendezwa sana. Tulisema moyoni kwamba aliyeandika haya alipata kukaa katika chumba cha daftari.

Tukamwuliza mpwa wetu saa zake. Akazitaja bila kufikiri: huanza saa 12 asubuhi, hupumzika saa 9, hurudi saa 11 jioni, humaliza saa 4 na nusu usiku. Siku ya mapumziko katika juma hakuna, kwa muda wote wa mkataba wa miezi minane. Tulizijumlisha pale pale nyuma ya kadi ya chakula. Kazi ni saa 14 na nusu. Mapumziko ni saa 9 na nusu, na kwa siku saba ni saa 66 na nusu, mahali pa 77. Tulimwuliza kama tumekosea. Akasema hatukukosea, ila siku nyingine katika zile saa mbili za mchana huitwa kwa mazoezi ya moto.

"Na kumbukumbu yasemaje?"

"Yasema kumi na moja, mjomba."

"Nani aiandikaye?"

"Karatasi huja imekwisha kujazwa. Sisi hutia saini mwisho wa mwezi."

"Nawe watia?"

Alitutazama kwa adabu, kama kijana amtazamavyo mzee aliyeuliza jambo ambalo mzee mwenyewe alijua. "Mjomba," akasema, "kuna mkataba huu, na kuna mkataba ujao."

Hapo, ndugu wanachama, tulitafuta mahali pa kukaa. Mpwa wetu alidhani ni joto la kule chini.

Mwaka 1986 tulikuwa karani wa mahudhurio katika ofisi moja ambayo hatutaitaja, kwa sababu wengine walioifanyia kazi wamo humu, na kosa tulilolifanya ni letu. Palikuwa na vibarua 23 wa uchukuzi. Kazi ilizidi, wakawa wakitoka jioni saa mbili nyuma ya wakati wao. Mkubwa wetu akatuita, akasema fungu la saa za ziada limekwisha, na kwamba daftari iandikwe saa 8 kama kawaida mpaka fungu jipya litokapo. Hakutukemea. Alisema kwa upole, akatupa na chai. Tukaandika 8. Tukaandika 8 miezi mitano, siku 26 kila mwezi, kwa mwandiko mzuri ambao mkaguzi mmoja aliusifu. Vibarua walikuja mwisho wa mwezi, wakatia dole gumba. Mzee mmoja tu ndiye aliyesimama, akasema, "Bwana karani, jana tumerudi nyumbani taa za barabarani zimewashwa. Daftari lako halikuziona?" Watu wakacheka. Sisi pia tukacheka. Kisha akatia dole gumba kama wenzake, na fungu jipya lilipotoka, lilikwenda penginepo.

Watu 23, saa 2, siku 130: ni saa 5,980. Hesabu hiyo hatukupata kuifanya mpaka siku ile baharini, na tuliifanya kwa kalamu ile ile, nyuma ya kadi ile ile.

Hatukuwa tumemwambia mtu habari hiyo, hata mwenzetu wa nyumbani. Tulimwambia jioni ile sitahani, jua likizama nyuma ya povu. Alishona kwa muda, kisha akauliza yule mzee alikuwa na watoto wangapi. Tulisema hatukumbuki. Akasema, "Hukumbuki, au hukuuliza?"

Wageni walikuwa wamevaa vizuri kwa chakula cha usiku. Palikuwa na piano, na samaki wa namna nne. Hatutawachosha kwa hayo.

Usiku ule ndipo tulipolikumbuka neno la nahodha. Saa 8 kuwa saa 9! Kwa mgeni ni jambo dogo; hulala hata saa 3 asubuhi. Lakini mtu amalizaye saa 4 na nusu usiku na kuanza saa 12 asubuhi, ambaye tayari usingizi wake na kuoga kwake na kuandika nyumbani kwake vyote vyaingia katika saa 7 na nusu, amebakiwa na saa 6 na nusu. Tulipata kusoma kwamba meli nyingine zielekeazo mashariki huisogeza saa wakati wa mchana, ili saa ile ipotee katika kazi wala si katika usingizi. Ni jambo la mtu mmoja kuamua, wala haligharimu kitu. Tulilala macho wazi, tukamfikiri kijana yule chini yetu, mahali pasipo dirisha.

Asubuhi mwenzetu alikuwa ameamka kabla yetu. Alikuwa amekwisha kulitandika kitanda, pembe zote zimekazwa, amefuta bafu, amekunja taulo, ametundika nje kibao cha kuomba tusisumbuliwe, ili mtoto apumzike chumba kimoja katika 18. Tulimsifu. Saa 2 na nusu mlango ukagongwa taratibu. Alikuwa mpwa wetu, uso umemshuka. Alisema kwamba msimamizi hupita kukagua, kwamba kitanda hutandikwa kwa namna ya kampuni, mto mmoja huwekwa hivi na wa pili vile, na chumba kisipokuwa hivyo huandikwa yeye.

"Nisamehe, mkaza mjomba," akasema. Akakitandua kitanda chote, akakitandika upya.

Tulifika Mahé siku iliyofuata, tukashuka, tukarudi kwa ndege. Lakini kabla ya kuagana tulimpa mpwa wetu daftari dogo la mfukoni tulilolinunua katika duka la meli kwa bei ambayo hatutaki kuitaja. Tulimwomba aandike kila siku saa aliyoanza na saa aliyomaliza, mwenyewe, kabla ya kulala. Alisita, asije akakutwa nalo. Kisha akacheka, akasema ataliandika kwa saa za Kiswahili, maana humo melini hakuna msimamizi awezaye kujua kwamba saa 12 ya kwetu ni saa 6 ya kwao. Wakiliona watadhani aanza kazi adhuhuri. Tena akaomba nakala zake za kumbukumbu za kila mwezi, kama Mkataba unavyomruhusu, akapewa bila neno.

Amerudi nyumbani tangu mwezi uliopita, akaturuhusu tuseme haya, bila jina lake wala la meli. Daftari lenyewe hili hapa mezani. Limeandikwa siku 61. Upande wa kushoto ni mwandiko wake, upande wa kulia tumebandika nakala za kampuni, tarehe kwa tarehe. Siku zilizofika saa 10 za mapumziko upande wa kushoto ni tisa. Upande wa kulia ni zote.

Mkataba ule wampa baharia njia ya kulalamika melini na njia ya kumwendea mkaguzi wa bandari, na jina lake husitiriwa. Mpwa wetu hajaamua. Barua ya mkataba mpya imekwisha kumfikia, na nyumbani kuna wadogo zake watatu shuleni. Sisi hatukumshurutisha, hatuna uso wa kumshurutisha. Ila aliuliza kama katika Chama chetu wamo waliofanya kazi katika idara za kazi au za bandari, wawezao kukaa naye kabla ya mwisho wa mwezi huu na kumweleza karatasi ya namna hii huenda wapi, nani huifungua, na hukaa katika meza ya nani. Hayo ni mambo tunayoyajua sisi kuliko mawakili.

Bwana Katibu atalizungusha daftari. Kila mtu alitazame kwa nafasi yake. Tunaomba lirudi hapa mezani, kwa sababu hakuna jingine.